Mizani ya Baba

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare, Joëlla na mdogo wake Loïc walifuatana na baba yao hadi Zone Industrielle, eneo la viwanda. Baba huyo, Marcellin, alitunza bohari ya unga. Huko aliwapandisha kwenye mizani ya magunia mbele ya wachukuzi.

Loïc, mwenye miaka kumi na mmoja, alifika kilo sitini na tatu. Wachukuzi wakapiga makofi, naye akapewa Fanta. Joëlla, mwenye miaka kumi na miwili, thelathini na nne.

“Huyu ananitia aibu,” Marcellin alisema. “Watu watadhani kwangu kuna njaa.”

Wachukuzi wakacheka. Joëlla akainamisha uso.

Nyumbani, mama yao Concilie alimjazia sahani ugali wa muhogo na maharagwe ya mawese, kisha akasimama nyuma yake na mwiko mkononi.

“Mama, nimeshiba.”

“Umeshiba nini na mifupa inahesabika? Kula.”

Alipotapika, alichapwa mwiko mgongoni, akapakuliwa upya. Basi akajifunza ujanja: mama akigeuka tu, matonge yalihamia sahani ya Loïc. Loïc aliyameza bila kumshtaki.

Baada ya miezi michache Loïc akashikwa na kiu isiyokatika. Siku moja alizimia shuleni. Wazazi walipomkimbiza kituo cha afya, Concilie alimburuta Joëlla pia.

“Mpime na huyu,” alimwambia muuguzi, Mama Adija. “Ndiye mgonjwa wetu wa siku zote.”

Adija aliwapima wote. “Msichana ni mzima,” akasema. “Mvulana ana sukari nyingi mno katika damu.”

Joëlla akaangua kilio. “Ni mimi. Nilikuwa nampa chakula changu, Mama asinichape mwiko.”

Marcellin akamzaba kofi. “Ulitaka kumuua ndugu yako, aliyekuwa sifa yangu kwenye mizani.”

“Shusha mkono, Baba Joëlla,” Adija alisema. “Binti, kuficha ni kosa, na umelikiri. Ila aliyekufundisha kuficha ni mwiko. Na huyu hakunenepeshwa na matonge yako tu. Alinenepeshwa na sifa zenu.”

Loïc alilazwa siku kumi na moja. Alipotoka, Fanta ilikoma, mawese yakapungua, akawa anakwenda shule kwa miguu. Sukari ikashuka polepole. Safari za bohari zilikwisha, ingawa Marcellin hakumwomba Joëlla msamaha.

Siku ya kurudi kliniki, Concilie aliuliza, “Sasa nitajuaje kama wamekula vya kutosha?”

“Afya haisomwi mashavuni,” Adija alijibu. “Kazi yako ni kupika chakula bora. Mtoto akisema ameshiba, mwamini.”