Mguu wa Nyuma wa Nyigu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi droo ilifunguliwa, ikakutwa tupu. Mchoraji waliyemwita Kalamu akapiga ukelele uliofika hadi chumba cha wadudu. Mama Pini, mtunza wadudu wa makumbusho, akatoka mbio, miwani mkononi.

"Mchoro wangu, mama! Nyigu wangu! Miezi mitatu!"

Nyigu mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya ufuta, na hakuna aliyewahi kumchora. Mchoro ulitakiwa kiwandani kwa wachapaji saa sita mchana. Usipofika, Kalamu, ambaye bado ni kibarua, ajira ataisikia kwa wenzake. Na ile kazi Mama Pini aliijua. Kalamu alichora ubavu wa kulia tu, kisha akaupindua na kuunakili uwe wa kushoto. Wachoraji wengi hufanya hivyo, ila safari hii palikuwa na sababu, na walioijua ni wao wawili.

Aliyeanza kunyooshewa kidole ni mfagizi, kwa kuwa ana funguo.

"Jamani! Mimi karatasi nazifagia, siziibi," akasema. "Tena jana saa kumi na mbili jioni nilifukuzwa humu sijamaliza."

"Na nani?" Mama Pini akauliza.

"Mkuu wa wachoraji. Eti vumbi linamkera."

Saa nne, Mama Pini na Kalamu wakiwa kwa mkurugenzi kushtaki, mkuu huyo akaingia na mchoro wa nyigu, chini yake sahihi mbichi.

"Huo ni wangu!" Kalamu akalia.

"Adabu, binti. Karatasi yangu, wino wangu, mkono wangu."

Mama Pini akameza hasira, akatabasamu. "Hongera, bwana mkuu. Ulichora nusu ukapindua, kama wengine?"

"Thubutu! Huo ni uvivu. Mimi nilimtazama mzima."

"Hata mguu wa nyuma wa kushoto?"

"Hasa huo! Nimeuhesabu vinyweleo."

Mama Pini akaleta kioo chenye nyigu, akakiweka chini ya hadubini, akamkaribisha mkurugenzi. Mkurugenzi akachungulia, akafuta miwani, akachungulia tena.

"Mbona mguu huo haupo?"

"Ulivunjika mkononi mwangu siku ya kwanza, mzee. Niliona aibu, nikamwambia Kalamu peke yake."

Kweli njia ya mwongo ni fupi. Mkuu akajitupa kitini.

"Macho yangu yameingia ukungu," akasema. "Mwaka mzima kwenye hadubini sioni kitu. Niliogopa kustaafishwa, nikanakili wake."

Mama Pini alimwonea huruma. Kidogo, lakini.

Mchoro halisi ukatolewa mkobani mwa mkuu. Saa sita kasorobo Kalamu akaandika jina lake chini ya nyigu, herufi kubwa kuliko nyigu mwenyewe, tarishi akaukimbiza mchoro kiwandani, na mkurugenzi akatia saini ajira palepale. Vigelegele vikajaa ofisi. Kalamu akamkumbatia Mama Pini hadi miwani ikaanguka.

Mfagizi akachungulia mlangoni, fagio begani.

"Haya, sasa naruhusiwa kumalizia vumbi langu la jana?"