Uzi Mwekundu Shingoni mwa Chupa

Mtaani walimwita Profesa, ingawa shule aliiachia njiani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio. Mke wake alikuwa mshonaji. Walipanga vyumba viwili na jiko dogo, na cherehani ilikuwa hatua tatu tu kutoka meza ya redio. Mahali pasipo na redio palikuwa na kitambaa.

Moyo wa Profesa, hata hivyo, haukuwa kwenye redio. Ulikuwa jikoni, kwenye rafu yake ya kemia. Aliyeyusha shabu, ile chumvi ya kusafishia maji, katika maji ya moto, akaning'iniza uzi ndani yake, na baada ya siku chache vijiwe vya kung'aa vikaota kwenye uzi. Alikuza mrututu, ile chumvi ya shaba, mpaka ukawa mawe ya buluu. Siku nyingine alitengeneza sabuni. Hakuuza chochote. Alipenda tu kuona kitu kikigeuka kuwa kitu kingine.

"Wanaume wenzako wanacheza karata," mkewe alimtania. "Wangu anacheza na sumu."

"Sumu ni kwa asiyejua," Profesa alijibu. "Mimi najua."

Kujua, alijua. Ila alijua peke yake, na nyumba ilikuwa ya watu wawili.

Maji ya bomba yalitoka mara mbili kwa wiki. Siku hizo walijaza ndoo, masufuria na chupa tupu za soda. Chupa za maji ya kunywa zilipangwa chini, kando ya ukuta wa jikoni. Profesa naye alitia dawa zake katika chupa kama hizo. Ili asichanganye, chupa yenye kitu kikali aliifunga uzi mwekundu shingoni. Uzi aliutoa kwenye kikapu cha mkewe. Hakuandika neno lolote juu ya chupa. Hakumweleza mtu maana ya uzi.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alijisemea.

Lakini hebu fikiri. Katika nyumba ya mshonaji, nani atashtushwa na uzi? Ulikuwa mkekani, kwenye sukari, mpaka kwenye nywele za Profesa mwenyewe. Na mkewe alikuwa na tabia ya washonaji wazuri wote. Akiona uzi unaning'inia, mkono wake hautulii mpaka aukate.

Jumamosi moja mchana, Profesa aliyeyusha kostiki soda katika maji. Hizi ni zile chembe nyeupe za kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba. Maji yalichemka yenyewe bila moto. Yalipopoa, yalikuwa meupe kabisa, hayana rangi wala harufu. Aliyamimina kwenye chupa, akafunga uzi. Mara mteja akabisha hodi na redio yake. Profesa aliweka chupa chini, kando ya zile za maji, dakika moja tu, akatoka. Ile dakika moja ikazaa nusu saa ya maongezi.

Alisikia chupa ikianguka jikoni. Kisha akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mkewe.

Alimkuta amepiga magoti, mikono shingoni. Midomo ilikuwa imeanza kuvimba na mate yalimtoka. Chupa ilikuwa imelala kando yake. Karibu na mkasi, sakafuni, palikuwa na kipande cha uzi mwekundu kilichokatwa vizuri. Profesa akaelewa yote mara moja.

Kemia aliyoijua ikamwambia kwamba kitu hiki huuawa na kitu kichachu. Akakimbilia siki. Mpangaji mwenzao wa chumba cha jirani akaingia mbio.

"Mtapishe!" alisema. "Mtie vidole kooni atapike."

"Msimguse."

Aliyesema hivyo alikuwa muuguzi, jirani wa upande wa pili wa ukuta, rafiki wa mkewe. Alimnyang'anya Profesa chupa ya siki.

"Shemeji, amekunywa nini?"

"Kostiki. Dada, siki itaiua ile..."

"Siki ikikutana nayo itatoa joto tumboni mwake. Umemuunguza mara moja, usimuunguze mara ya pili." Akamgeukia mpangaji. "Na hicho kitu kimeunguza koo kikishuka. Mkimtapisha kitaunguza tena kikipanda. Sukutua mdomo, mama, tema, usimeze. Sukutua tena. Wewe shemeji, tafuta gari sasa hivi. Na ile chupa ichukue. Daktari lazima ajue ni nini."

Profesa alikimbia barabarani bila viatu.

Mkewe alilazwa wiki sita. Koo lilikuwa limeungua, na lilipoanza kupona likawa jembamba. Madaktari walimpitishia mpira tumboni, na chakula kikapita humo. Kila baada ya wiki mbili walimpanua koo kwa kifaa. Kila aliporudi wodini alikuwa akilia bila sauti, kwa kuwa sauti nayo ilikuwa imeondoka. Profesa alikaa kwenye benchi la nje. Alijichukia, na hakuona sababu ya kutojichukia.

Majirani walikuja kumpa pole. "Ajali haina kinga," walisema.

Muuguzi alingoja mpaka wakaondoka.

"Shemeji, sitaki nikudanganye," alisema. "Hii ilikuwa na kinga."

"Najua, dada. Niliweka alama."

"Alama ambayo ni wewe peke yako unayeielewa si alama. Ni siri. Na kosa lenyewe lilianza kabla ya uzi. Chupa ya soda mtu akiiona anajua ni ya kunywa. Hata ungefunga kamba ya meli, mwenye kiu atakunywa."

Profesa aliinamisha kichwa. "Basi nitatupa vyote. Nitamwaga chooni leo leo."

"Usimwage ovyo, utaumiza mwingine. Peleka kwa mwalimu wa maabara pale sekondari, atakuonyesha namna ya kuviondoa. Na ukitaka kuendelea na kemia yako, iendeshe kama mtu mzima. Dawa ikae kwenye chombo ilichonunuliwa nacho. Andika jina lake kwa herufi kubwa, na neno SUMU. Chora fuvu kwa asiyejua kusoma. Funga kabatini kwa kufuli. Jikoni usiingize kabisa. Na kila anayeishi humo ajue ndani ya kabati kuna nini."

Profesa alifanya hivyo. Dawa kali zote zilikwenda kwa mwalimu. Alibaki na shabu tu, ndani ya kopo lake lenye jina, katika kabati la bati nje ya nyumba, chini ya kufuli. Aliwaeleza wapangaji wote, mmoja mmoja, mlango kwa mlango. Aliwaambia wazi alichomfanyia mkewe. Wapangaji wawili walikwenda wakaandika majina kwenye chupa zao za mafuta ya taa na za dawa ya chooni. Kwa Profesa ilikuwa aibu kusema, lakini alisema.

Mwezi wa tano tangu ajali, madaktari walimtoa mkewe ule mpira wa tumboni. Walimruhusu kunywa maji, kidogo kidogo. Profesa alichemsha maji, akayapoza, akayatia katika glasi safi. Muuguzi alikuwa ameketi karibu, endapo angepaliwa.

Mkewe aliipokea glasi. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu. Maji yalikuwa meupe kabisa, hayana rangi wala harufu. Kisha akamrudishia.

"Onja wewe kwanza," alisema kwa sauti yake mpya, ya kukwaruza.

Profesa alikunywa. Mkewe alimwangalia mpaka akameza. Alingoja kidogo, akachukua glasi, naye akanywa. Maji yalipita.

Tangu siku hiyo, katika nyumba ile, Profesa ndiye anayekunywa wa kwanza. Hajawahi kuuliza itakuwa mpaka lini.