Kanda Iliyozimwa Sauti

Jumamosi, tarehe 14 Machi 1992, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Mvua iliyoanza kunyesha Tukuyu tangu adhuhuri ilikuwa haijapungua, na ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani hadi kwenye paa za maduka.

Meshaki Mwambeta alikuwa amelala kifudifudi katika chumba kilichokuwa nyuma ya banda lake la video. Kando ya kichwa chake palikuwa na pasi ya mkaa. Majivu yake yaliganda ndani ya damu. Mlango haukuvunjwa. Fedha za viingilio zilikuwa mezani, hazikuguswa.

Inspekta Elisha Mwakatobe alimsikiliza mganga wa wilaya pasipo kuvua koti la mvua. Fuvu lilipasuliwa kwa pigo moja. Kifo kilitokea kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na nusu, yaani wakati banda limejaa watu. Koplo Felista aliandika kila neno.

Maiti iligunduliwa na Andongwisye, mfasiri wa banda, alipokuja kumrudishia tajiri wake kanda. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya televisheni na kuwasimulia watazamaji kwa Kiswahili yale yaliyosemwa na wazungu.

"Hukusikia lolote?" Elisha alimwuliza.

"Mvua juu ya bati, afande, na mimi napaza sauti watu mia wanisikie. Hata malaika angepiga tarumbeta, angepiga bure."

"Kiingereza ulijifunza wapi?"

Andongwisye alitazama viatu vyake. "Niliishia darasa la saba. Sauti ya picha naizima kabisa, tangu mwanzo. Nikiiacha, vijana wa sekondari wananibishia."

"Kwa hiyo unabuni."

"Nasoma nyuso, afande. Uso hauna Kiingereza."

Picha ya siku hiyo ilikuwa ya mauaji, ya watu waliougua akili. Andongwisye aliwasimulia watazamaji kwamba mgonjwa mmoja alimuua mke wa daktari wake, kisha akatubu mbele ya mchungaji, akilia.

"Kuna mchungaji katika picha hiyo?"

"Kuna mzee mwenye koti jeusi. Nikamwekea mikono, akawa mchungaji. Watu wa hapa, picha isiyo na toba hawairudii."

Felista aliinamia daftari lake kuficha tabasamu. Elisha hakutabasamu. Aliuliza kanda ilifika lini. Ilifika Ijumaa jioni kwa basi kutoka Mbeya. Usiku huo Meshaki aliitazama chumbani mwake, na Jumamosi mashine ikahamishiwa bandani. Mashine ilikuwa hiyo moja tu.

Usiku Felista alirudi na ushahidi wa jirani aliyeitwa Mama Sekela. Mwendo wa saa kumi alimwona mtu akitoka kwa lango la nyuma la banda na mwavuli mweusi. Alimtambua: Mwalimu Methusela, anayefundisha Kiingereza katika sekondari moja ya binafsi.

"Unamfahamu, afande?" Felista aliuliza, maana mkubwa wake alikuwa ameacha kuandika.

"Nilisoma naye," Elisha alijibu.

Hakusema zaidi. Mwaka 1971, katika shule ya bweni, wakiwa kwenye mtihani wa kidato cha nne, kikaratasi kilichoandikwa majibu kilidondoka sakafuni kati ya madawati yao. Msimamizi aliuliza ni cha nani. Kilikuwa cha Elisha. Methusela ndiye aliyesimama. Baadaye, akifunga sanduku lake la bati, alisema, "Baba yako amezikwa mwezi uliopita. Mama yako atamtegemea nani?" Alifukuzwa bila cheti. Elisha alifaulu na kuingia polisi. Miaka kumi baadaye aliposikia kwamba Methusela ni mwalimu, hakuuliza cheti alikipata wapi. Kutouliza kulimfaa.

Jumapili baada ya ibada Methusela alifika kituoni mwenyewe, akiwa amevaa suti.

"Ugonile, Elisha," alisalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga. Keti, Mwalimu." Elisha alimwonya kama sheria inavyotaka: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa. "Jana saa tisa hadi saa kumi na moja ulikuwa wapi?"

"Bandani. Niliingia kwa nyuma, nikakaa penye giza. Mwalimu hapangi foleni na wanafunzi wake."

"Mama Sekela alikuona ukitoka saa kumi."

"Nilitoka kwenda haja, nikarudi."

"Picha hiyo uliwahi kuiona kabla?"

"Ningeionea wapi? Kanda ilifika juzi."

"Nisimulie."

Methusela alisimulia kwa utaratibu mzuri, kama aliyesimama mbele ya ubao. Alieleza kwamba daktari wa akili alimuua mkewe mwenyewe, kisha, siku baada ya siku, kwa maneno ya upole, akamshawishi mgonjwa wake asiye na hatia aamini kwamba yeye ndiye aliyeua. Mgonjwa alinyongwa. Daktari alibaki na wadhifa wake. Katika kila sentensi Elisha, aliyekuwa ameitazama kanda usiku kwa sauti yake ya Kiingereza, aliomba moyoni rafiki yake akosee, asimulie kama Andongwisye. Hakukosea.

"Nani alitubu?" Elisha aliuliza.

"Hakuna aliyetubu."

"Bandani sauti ilizimwa, Methusela. Watu mia moja waliambiwa kwamba muuaji ni mgonjwa, na kwamba alitubu kwa mchungaji. Hayo uliyonieleza yamo katika Kiingereza cha kanda peke yake. Uliyasikia Ijumaa, chumbani kwa Meshaki, na jana hukukaa bandani hata dakika moja."

Felista aliinua kalamu, akasubiri. Methusela alivua miwani, akaipangusa kwa tai.

Ndipo alipokiri. Meshaki naye alisoma shule ile, na alijua kwamba Methusela hakumaliza mtihani. Ijumaa alimwita, akamwonyesha picha nzima, kisha akamtaka aanze Jumatatu kutafsiri bandani badala ya Andongwisye. Akikataa, bodi ya shule ingeelezwa kwamba cheti chake ni cha kughushi. Jumamosi Methusela alirudi kumsihi. Alimkuta akipiga pasi shati.

"Nilimwambia siwezi kupiga domo mbele ya wanafunzi wangu. Akacheka. Akasema, 'Mwizi wa mtihani nawe una heshima?' Akaweka pasi chini, akanigeuzia mgongo. Neno hilo, Elisha. Miaka ishirini na moja nimelibeba, na halikuwa langu."

Felista alimaliza kuandika, akafungua ukurasa mpya.

"Andika kwamba nilikuwa bandani," Methusela alisema kwa sauti ya chini. "Yule mfasiri ni mropokaji, nani atamsadiki? Mimi sijawahi kukudai. Leo nakudai."

"Koplo," Elisha alisema, "yaandike na hayo."

"Elisha."

"Uhai wa Meshaki si mali yangu, siwezi kukulipa nao. Utashitakiwa kwa kuua."

Methusela alitia saini maelezo yake. Felista alipoinuka kumpeleka mahabusu, Elisha alimwambia angoje. Alichukua karatasi nyingine ya maelezo, akaandika juu yake jina lake mwenyewe, namba yake ya polisi na cheo. Aliandika polepole, kwa mwandiko waliofundishwa wote wawili: kwamba kikaratasi cha mwaka 1971 kilikuwa chake, kwamba alinyamaza mwingine alipofukuzwa, na kwamba Jeshi la Polisi lilimwajiri kwa cheti cha mtihani ule.

Akaisoma kwa sauti, Methusela akisikiliza. Kisha akaitia saini na kumpa Felista ashuhudie.

"Iende kwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa pamoja na jalada," alisema. "Nakala moja umpe yeye, kwa ajili ya wakili wake."

Felista alisita. "Afande, watakufukuza."

"Ndiyo."

Felista alipomaliza kuinakili, Methusela aliipokea nakala, akaisoma tangu mwanzo hadi mwisho, akaikunja mara mbili na kuitia katika mfuko wa ndani wa koti.

"Umechelewa," alisema. "Lakini umelipa."