Gari la Basile, Juu ya Matofali

Rafiki yetu Iddy, fundi wa magari pale Kasenga, siku hiyo alikuwa amechoka hoi. Hata hivyo alipita hospitalini kumwona mwenzake Basile, aliyelazwa huko.

"Ndugu yangu, enda unipimie nafasi ya injini kwenye gari yangu," Basile alimwomba kwa sauti ndogo. "Minye siwezi tena kusimama. Nataka niendeshe mara moja tu, mpaka Runingu kwa mama."

Gari hilo Basile alilibuni na kulichomelea mwenyewe kwa miaka sita: milango miwili, paa lililoteremka hadi nyuma, magurudumu yote manne ya kuvuta, ili tope la Runingu lisilishinde. Injini tu ndiyo ilikuwa bado.

Iddy alifungua karakana ya Basile. Umeme haukuwepo, na giza la ndani lilinuka rangi mbichi. Gari lilikuwa juu ya matofali, kama Basile alivyoliacha. Kwa mazoea ya mafundi, aliweka mgongo wa mkono juu ya boneti kabla ya kuifungua. Akaurudisha haraka, boneti iliunguza.

Akafungua kwa kitambaa, akamulika kwa simu. Ndani hamkuwa na kitu. Chini, magurudumu yote manne yalikuwa yanadondosha tope bichi, na kutoka kwenye utupu ule ilisikika tik, tik, tik, ya chuma kinachopoa baada ya safari ndefu.