Picha ya Watu Wawili

Adigun alikuwa na kamera nzuri ya dijitali, ila maharusi wa Ibadan siku hizi wanataka picha zenye sura ya zamani. Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa sokoni Dugbe, akiikagua kamera kuukuu ya filamu kama polisi anayekagua mizigo. Alifungua mgongo wake, akapuliza vumbi, akachungulia lenzi juani, akabofya na kubofya. Muuzaji aliapa mpaka akachoka. Adigun haamini mtu, ndivyo alivyo.

"Hiyo inaweza kupiga mara mbili juu ya kipande kimoja cha filamu, bila kuizungusha?"

Aliyeuliza alikuwa mwanamke mwenye gauni la kitambaa cha adire ya bluu, kilemba kimekaa upande, manukato yake yameshinda harufu ya nyaya zilizoungua. Adigun akamtazama kwa jicho la pembeni. Swali la namna hiyo haliulizwi na mpita njia.

"Inaweza," akajibu, "lakini nimeshainunua."

Alikuwa hajainunua. Akailipia palepale.

Mwanamke yule, Morenike, akacheka na kuomba namba yake. Siku moja, alisema, atataka picha moja tu, kwa kamera hiyohiyo. Picha ya nini? Atamwambia siku ikifika.

Basi mapenzi yakaanza hivyo. Walikula amala sahani moja, wakapigiana simu mpaka masikio yakapata moto. Morenike alimwita "askari wangu" kwa jinsi alivyopenda kuhoji. Adigun alimpenda, tena vibaya mno, akataka kumwoa. Lakini kila alipotaja kwenda kujitambulisha kwa mama mtu, jibu lilikuwa lilelile: ngoja kwanza ile picha, mpenzi. Ungekuwa wewe usingeshuku?

Kisha siku moja akampitia kwa fundi cherehani wake, akakuta gauni la zambarau limetundikwa, na kando yake agbada, joho pana la kiume, ya kitambaa kilekile. Kwao pale, mwanamume na mwanamke hawashoni sare ya wawili hivihivi tu. Tena agbada ile ilikuwa nyembamba mabegani. Haikuwa ya Adigun. Akaondoka bila kumsubiri, akampigia simu akiwa njiani.

"Ile picha, ni wewe na nani?"

"Jumamosi utamwona, askari wangu."

Yaani mwanamke amletee bwana wake, na yeye ndiye awapige picha! Adigun aliapa kutofungua studio Jumamosi hiyo. Jumamosi akaifungua mapema kuliko siku zote.

Morenike alikuja peke yake, na mfuko mkononi.

"Yuko wapi?" Adigun hakumsalimu hata.

"Mimi ni pacha, Adigun. Kaka yangu Taiwo alifariki tukiwa wadogo. Mama hapokei posa yangu mpaka tukae wote wawili kwenye picha moja, kama walivyofanya watu wa zamani pacha mmoja akifa: aliyebaki huvaa na mavazi ya mwenzake. Dijitali haitaki. Anasema kompyuta inaunganisha hata watu wasiojuana." Akaitoa agbada mfukoni. "Mwanamume wa kwanza niliyemwambia alikimbia. Nikaogopa na wewe utakimbia."

Adigun aliona aibu mpaka akashindwa kumtazama. Akamkalisha kushoto mwa benchi na gauni lake la zambarau, akaziba nusu ya lenzi kwa kadi nyeusi, akabofya. Filamu hakuizungusha. Morenike akaingia nyuma ya pazia, akatoka amevaa agbada na kofia, akakaa kulia, mgongo wima, uso mkavu kama wa mwanamume anayempima mgeni.

Adigun akahamisha kadi. Kidole kikafika kwenye kitufe, kikasita. Akatoka nyuma ya kamera, akalala kifudifudi sakafuni mbele ya benchi, kama anavyolala mkwe mbele ya wakubwa wa mchumba wake.

"Kaka Taiwo," akasema, "nimekuja kumwomba dada yako."

Machozi yalimtiririka yule aliyevaa agbada, yakafika kidevuni, hakuyafuta. Alipofungua kinywa, sauti aliifanya nzito.

"Inuka, shemeji. Tupige picha."