Kila Anayebisha Apewe Mwili

Pakiti ya kijani iliyokaa juu ya mashine ilikutwa tupu saa tatu asubuhi, mwanzoni mwa mwezi wa saba wa kalenda ya jadi, mwezi ambao wafu hufunguliwa mlango. Hapa mjini Taichung kila chumba cha kompyuta kina pakiti hiyo ya vitafunio vya mahindi ili mashine zitulie, na mwenye akili zake haigusi. Aliyeila ni fundi mkuu, Kuo Chi-hung, ambaye alikuwa bado analamba chumvi vidoleni, hana hata haya.

"Kaka Kuo, umekula ya mashine?" Liao Yu-chen, msaidizi wake, aliuliza kwa sauti ya chini.

"Njaa iliniuma. Nenda kachome udi, bibi kizee wewe."

Ndivyo alivyokuwa: kichwa kikubwa, kazi ya ovyo. Tovuti yao, iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya PHP, ilikuwa ya mnara wa kuhifadhia majivu ya marehemu. Ndugu anaandika jina, jina linasafiri mwishoni mwa anwani ya ukurasa, na programu inaligeuza kuwa mtu kamili mwenye tarehe zake na shubaka lake. Jina lisipopatikana, jibu linapaswa kuwa "hayupo". Kuo aliona uvivu kuliandika hilo. Yeye aliiagiza programu kwamba jina lisipopatikana, litengenezewe mtu mpya na ahifadhiwe. Yaani kila anayebisha hodi apewe mwili! Huo ndio ufundi mkuu.

Saa nne majina yakaanza kuingia bila kutumwa na mtu. Yalikuwa ya wafu wasio na ndugu, na ofisi ikanuka majivu yaliyolowa. Saa sita likaja jina la Kuo Chi-hung, tarehe ya kuzaliwa sahihi, ya kufa haijajazwa, kisha mwaka ukajiandika, ukawa huu huu, na feni ya mashine ikaanza kuhema kama mtu aliyepanda ngazi, na harufu ikamzunguka Kuo peke yake, ikamwingia kooni, na mbele ya macho yake mwezi nao ukajiandika.

"Yu-chen, dada yangu," alinong'ona. Bibi kizee kasahaulika! "Nisaidie. Imebaki kujazwa siku tu."

Yu-chen akamwita Bi Hsieh, mganga wa hekalu la jirani, aliyekuja na pikipiki yake akiwa bado anatafuna.

"Hawa ndugu wema hawakuvunja mlango," alisema, akiwataja wafu kwa jina la heshima. "Nani aliwakaribisha?"

Yu-chen akamnyooshea kidole Kuo, kisha pakiti tupu.

"Ufungeni," Bi Hsieh aliamuru. "Na wewe mlafi, kanunue pakiti nyingine. Ya kijani!"

Yu-chen akaandika mstari mmoja: asiyepatikana akataliwe. Bi Hsieh akagonga kengele, pakiti mpya ikawekwa. Majina yaliendelea kuja, na kila moja likajibiwa "hayupo". Harufu ikatoweka.

Kuo akacheka. "Mstari mmoja tu, nyinyi mnatetemeka! Ngoja niujaribu." Akaandika jina lake.

"Usibonyeze!" Yu-chen alipiga kelele. "Waliokwisha kuhifadhiwa hatujawafuta!"

Alikuwa ameshabonyeza. Mashine ikatafuta, na safari hii haikukataa: marehemu amepatikana. Siku ilikuwa imejazwa, ya leo. Yu-chen alimgusa bega, naye akalala juu ya meza taratibu, hapumui, vidole vyake bado vina chumvi.