Mthamini Aliyekataa Kupima

Ukumbi wa benki ulifurika, foleni imejikunja kama utumbo. Msusi alikuwa humo ndani ya gauni la kijani lililomkaa kama alizaliwa nalo, akiomba kimoyomoyo mkopo wake wa nyumba upite. Alipogeuka, gauni halikugeuka naye. Utepe wa kupimia wa kijana mmoja mrefu ulikuwa umenasa kwenye mshipi wake.

"Kaka, unanipima au unanivua?"

"Samahani, dada. Mimi mthamini, napima nyumba tu."

"Kwani mimi nyumba?"

"Ungekuwa nyumba, mkopo ungegoma. Benki hii haina pesa hizo."

Foleni nzima ikacheka. Msusi akajifanya kanuna, ila namba ya simu aliitoa.

Wiki iliyofuata benki ikatuma mtu kuthamini nyumba aliyoitaka. Chumba kimoja angeishi yeye, vitatu angepangisha, kodi ya wapangaji ilipe mkopo. Kuta zilinukia rangi mpya. Na aliyetumwa nani? Futi! Yule yule wa utepe; jina hilo la utani msusi alikuwa ameshampa. Futi akapima, akagonga kuta kama daktari anayegonga kifua, akafika nyuma ya jiko akarudia kugonga.

Kila jioni simu haikosi.

"Mama mwenye nyumba, umekula?"

"Sijawa mwenye nyumba mimi. Inategemea wewe."

Hapo Futi alikohoa, akauliza habari za mvua.

Ripoti ikatoka. Thamani aliyoiandika haikukaribia bei ya muuzaji, na benki ikakataa mkopo.

"Ukuta wa nyuma una ufa, wameufunika kwa rangi," Futi alisema kwenye simu. "Nisingeweza kuandika uongo, mpenzi."

"Mpenzi wa nani? Nimejinyima miaka yote hii na mimi siku moja niitwe mwenye nyumba, wewe unaniletea habari za ufa! Usinipigie tena!"

Futi akatii. Tabu ikaanzia hapo, maana mwanamke akisema usinipigie, hutarajia mwanamume awe na masikio mabovu kidogo.

Saluni, simu ilikaa kati ya vitana na mafuta. Ikilia, mkono wa msusi uliruka nayo.

"Jamani, hizo nywele, si kamba!" wateja walilalamika.

Kumbe ni kampuni ya simu, inatangaza ofa. Jioni alikula peke yake bila wa kumuuliza kama amekula, na kikohozi kile kikamlia masikioni kuliko wimbo wowote.

Mvua zikanyesha. Siku moja akapita mtaa ule, akakuta ukuta wa nyuma umelala chini, jiko liko uchi, na aliyeinunua nyumba kashika kiuno. Msusi akasimama na mwavuli wake mpaka viatu vikajaa maji. Wahenga walituonya kuhusu ufa. Kuhusu rangi, walisahau.

Kila akishika simu aombe radhi, aliirudisha kati ya vitana. Mpaka alipopata nyumba nyingine, ndogo, ya vyumba viwili vya kupangisha, ndipo akapata na kisingizio.

"Futi? Nina kazi yako. Nimewaomba benki wakutume wewe."

Kikohozi kikatangulia. "Nitakuja."

Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likaogopesha, utepe mfukoni. Akagonga kuta, akafungua mabomba, akapanda darini.

"Nyumba hii ni nzima, haina ufa. Inunue."

"Basi pima."

"Sipimi."

"Bado umenuna? Futi, ukuta ule niliuona. Nisamehe."

"Sijanuna. Kazi yetu ina mwiko. Mthamini hapimi nyumba ambayo ana maslahi nayo."

"Maslahi gani?"

Akatazama dirisha, akatazama jiko, akamtazama yeye. Safari hii hakukohoa.

"Nataka kuishi humu. Niwe mume wa mwenye nyumba."

"Mbona ile ya kwanza uliipima?"

"Ile nilikuwa najidanganya nimekuja kazini."

Msusi akatoa simu, akampigia afisa wa benki, macho yamemganda Futi.

"Afisa, niletee mthamini mwingine... Hapana, haumwi. Amekataa kupima, eti anahamia."

Akasikiliza kidogo, akafuta machozi kwa kiganja.

"Ndiyo. Nimemkubalia."